Vipuli vya Thurea

Jumatano, 7 Mei 2025

Bi Mwanarehema ameniita mbele leo. Nikajua ni makelele ya mwanangu Cheryl. Mwenye nyumba akikuita hakuiti kwa jema.

Sivyo. Alikuwa kwenye kiti chake cha kamba, ananitazama kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Akauliza mtoto amelalaje. Nikamwambia ukweli, amekohoa mpaka adhana ya alfajiri. Halafu akanyoosha kidole juu.

Ile taa! Tangu nije kukaa hapa Jomvu Kuu sijawahi kuitazama sawasawa. Mimi huku mbele naingia kufagia tu, macho chini, natoka. Yeye anaiita thurea. Marehemu mumewe alikuja nayo zamani za kazi yake ya meli. Ni vioo vitupu, maduara matatu, la juu dogo na la chini kubwa, na kila duara limetundikwa vioo kama masikio ya bibi harusi. Vioo vyenyewe anaviita vipuli. Lakini having'ai. Miaka yote ya udi na ubani, na hewa ya chumvi inayopanda kutoka pwani hapo nyuma — vimekuwa rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa.

Mjukuu wake anaolewa. Jumamosi ya wiki ijayo wanawake watajaa chumba kile. Hashim, mwanawe, alitaka kuleta mafundi wa mjini waioshe. Bibi amekataa. Mafundi wa mjini wana haraka, anasema.

Kisha akasema jambo lingine, polepole, kama halina uzito. Harusi ikiisha anahamia Malindi kwa bintiye, miguu haimbebi tena. Nyumba haiwezi kukaa peke yake. Anataka mtu wa kuhamia chumba cha mbele, afungue madirisha kila siku, afukize, aitunze. Hakusema ni mimi. Alisema hivi tu:

"Nataka niione mikono yako kwanza, Mama Cheryl."

Chumba cha mbele. Madirisha mawili! Kuta kavu. Chetu kimeegemea tangi la maji, ukuta una ukungu wa kijani, naupaka chokaa leo kesho umerudi. Nesi aliniambia mtoto atoke humo ndani au kifua hakitapona. Nilimsikia. Atoke aende wapi?

Nimeitikia kabla bibi hajamaliza kusema. Na sijui hata taa ile inashikwa wapi.

Alhamisi, 8 Mei

Sijatulia. Nimechoma wali.

Mume wangu Bonface amerudi kutoka yadi ya makontena, hata viatu hajavua, nikamwambia nipe simu. Tumetafuta video. Mzungu mmoja yuko juu ya ngazi ndefu, anaongea, anaongea. Kiingereza chake kinakimbia, nikaacha kusikiliza nikawa natazama mikono. Mikono inaeleweka. Kwanza alizima umeme — si swichi ya ukutani, alikwenda mpaka kwenye boksi. Alingoja balbu zipoe. Alipiga picha taa nzima kabla ya kugusa. Alitandika blanketi chini. Alivaa glavu za kitambaa ili mafuta ya vidole yasishike.

Mimi glavu sina. Nina soksi nyeupe za kanisani za Bonface.

Bonface akacheka sana. Kwao Kakamega, anasema, taa ni ya kumulika ng'ombe, haioshwi. Nikamwambia habari ya chumba. Akaacha kucheka. Akatazama ukuta, akatazama Cheryl amelala kinywa wazi, anapumua kama paka. Akasema ile kitu ikianguka tutahama kweli, lakini si kwenda mbele.

Nilijua atasema hivyo. Na mimi nilishaota nimetundika pazia.

Jumamosi, 10 Mei

Tumeshusha vipuli vyote.

Bonface alizima swichi ya ukutani akaanza kupanda. Nikamvuta suruali. Si hapo! Tukaenda kwenye meni swichi, nyumba nzima ikazima, Margret, mpangaji mwenzetu, akapiga kelele kutoka chumba cha pili kwamba tunamwozeshea samaki kwenye friji. Bi Mwanarehema akaburuta kiti akakaa mbele ya lile boksi, bakora mapajani. Mtu asiliguse, akasema, mpaka mtoto wangu ashuke. Mtoto wangu! Amesema mimi. Au alimaanisha Bonface? Hapana, Bonface alikuwa chini.

Nimepanda mimi kwa sababu mikono yangu ni midogo. Bonface kashika ngazi. Godoro letu tukalitandika chini ya taa, likaonekana lilivyo, na madoa ya mkojo wa Cheryl yote, mbele ya bibi. Nimeona aibu.

Kila kipuli kina kikulabu chake cha waya. Unaminya, unavuta, kinakuja. Vingine vimeshika kutu, nikavipa muda. Kulazimisha ndiko kunakovunja. Kila nilichotoa nilikishusha kwa mkono mpaka mkononi mwa bibi mwenyewe, maana baadaye alichoka kulinda boksi akampa Margret. Vya duara la juu na la kati nimevifunga vitambaa mbalimbali. Vya duara la chini ndivyo vidogo na ndivyo vingi, kama kucha ya gumba hivi. Mabomba yenyewe ya shaba nimeyapangusa kulekule juu kwa tambara lililokamuliwa hasa, maji yasiingie kwenye nyaya.

Bibi alikiinua kimoja kwenye dirisha. Akalamba kidole akakisugua. Pakang'aa kidogo, kama jicho limefunguka. Akaniambia alipotolewa nje yeye kuonyeshwa wanawake, siku yake, alitakiwa atazame chini muda wote kama bibi harusi wa heshima, lakini aliiba akatazama juu.

Nimeteremka.

Jumatatu, 12 Mei

Sijui nianze wapi.

Asubuhi jua zuri. Beseni la plastiki, taulo ndani yake ili kioo kisigonge, maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, ndimu mbili. Nikaosha kimoja kimoja. Sikurundika. Yale maji yalikuwa kahawia, na ndani ya ndimu nikasikia harufu ya udi, harusi za watu na mazishi ya watu, yote yametoka mle kwenye beseni. Nikasuuza, nikapangusa kwa soksi.

Kuhesabu hunichanganya, mimi shule niliishia la saba. Nilifanya hivi: leso yangu ya korosho nimeitandika uani juu ya mkeka. Vipuli vya juu na vya kati nimevipanga katikati, kwenye mji wa leso. Vile vidogo vya duara la chini nimevipanga kwenye pindo, kila korosho iliyochorwa nikaiwekea kioo chake. Vikajaa pindo zote nne mpaka kwenye fundo la uzi nililoweka alama pale nilipoanzia. Hakuna korosho tupu. Nilisimama nikaitazama leso yangu inawaka jua. Sijawahi kuwa na kitu kizuri hivyo. Na si changu.

Cheryl akaamka anakohoa. Nikaingia kumnyonyesha. Dakika chache tu! Nikasikia mabati yanaanza, ile mvua ya Mei isiyobisha hodi. Nikaruka na mtoto kwenye ziwa.

Margret alishafika. Angefanya nini? Leso imetandikwa uani, mvua inakuja — ni mahindi ya mtu, au mihogo, au dagaa. Mimi mwenyewe nimemwokolea zake mara ngapi. Hujaulizwa, hutazami. Unashika pembe nne, unakunja, unakimbia nayo barazani. Ndivyo alivyofanya. Nilisikia ule mlio. Kama mtu amemwaga kabati la vyombo.

Anacheka, anahema, ananiambia nimshukuru, mahindi yangu mazito leo. Halafu akahisi mkononi. Akaishusha chini. Nikafungua mwenyewe.

Havijavunjika. Mungu wa ajabu! Kimoja tu kimemeguka kidogo pembeni, hakionekani mpaka ukipapase. Vingine vilidondoka njiani, tukaokota kwenye maji sote wawili, na Cheryl nimemweka chini barazani analia. Margret alikuwa anaomba radhi kwa Kigiriama, kwa Kiswahili, kwa midomo mitupu. Nikamwambia basi dada, si makosa yako. Kisha pikipiki ikaja kumchukua, kwao Kaloleni wana matanga ya baba yake mdogo. Kaondoka na nguo mbichi.

Vimelala ndani ya ndoo, juu ya kabati. Nitapanga kesho kukiwa na mwanga.

Jumanne, 13 Mei

Korosho moja tupu.

Nimepanga, nimepangua. Nimeanzia pembe nyingine. Korosho moja, karibu na fundo la uzi, haina kitu.

Nimechekecha mchanga wa uani kwa ungo. Nimetia mkono kwenye mtaro mpaka kwapani. Nimekung'uta mkeka. Nikageuka — Cheryl amekaa pale barazani, anatafuna.

Nilimtia kidole mpaka kooni. Akatapika. Mkaa. Ilikuwa kipande cha mkaa tu, mate meusi yanamtiririka na ananiangalia kama nimemkosea. Nimemkosea.

Lakini jana? Jana nilimweka palepale, vioo vinadondoka, sisi tumeinama tunaokota. Nani alikuwa anamtazama yeye? Kila kitu anakipeleka kinywani. Kila kitu! Na kile kinachokosekana ni kidogo, laini, kina rangi ya sukari mawe. Ningekuwa mtoto ningekila.

Nimempigia Margret. Mteja hapatikani. Nimempigia tena. Mteja.

Jumatano, 14 Mei

Hospitali. Nimeondoka nyumbani giza, nimemwambia Bi Mwanarehema ni kifua. Uongo wa kwanza. Akanipa chupa ya uji wa mtoto nibebe.

Daktari kijana, mpole. Akambonyeza tumbo. Cheryl akamcheka. Wakampiga picha ya eksirei, nikavaa lile koti zito nikamshika mikono. Hakikuonekana kitu. Nikaanza kushukuru, akanizuia. Kioo kingine huonekana, akasema, kingine hakionekani. Nitazame choo chake kila akienda. Akitapika, akikataa ziwa, akitoka damu, nije mbio hata usiku. Kisha akaweka kile chombo kifuani akasikiliza sana. Akauliza tunalala wapi. Nikamwambia. Akasema maneno ya nesi yaleyale.

Nimetazama nepi mbili. Hakuna.

Margret mteja. Matangani hakuna pa kuchajia, najua. Nasema anaweza kuwa amekiona. Nasema pia kwa nini akione asiseme.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeirudisha juu.

Bibi aliniuliza leo, harusi i karibu, vipi. Bonface kaomba ruhusa ya nusu siku. Meni swichi, bakora, godoro, yote kama mwanzo. Nilianza juu, nikashuka katikati, na duara la chini nikalianzia upande wa mlango ambapo watu wanaingia. Nikazunguka. Nilijua itaishia wapi. Kikulabu kitupu nikakiacha upande wa ukuta wa ndani, upande ambao hakuna mtu, pana kabati na picha ya marehemu. Ukisimama mlangoni huoni. Nimeshuka nikasimama mlangoni. Huoni.

Nilimwambia Bonface wakati ananishikia ngazi. Akaninong'oneza nifunge mdomo. "Siku ya harusi nani ataangalia taa? Wataangalia bibi harusi."

Bibi akawasha mwenyewe.

Sijui kuandika ilivyokuwa. Ukuta wote ukatapakaa vipande vya mwanga, vidogo vidogo, vingine rangi ya maji, vingine rangi ya zambarau, vikampita Cheryl usoni akanyoosha mkono kuvishika. Bibi alisimama na bakora yake. Akaitazama thurea muda mrefu. Akanishika mikono, yote miwili, akaigeuza viganja juu kama anaisoma.

"Jumapili mtaleta vitu vyenu mbele," akasema. "Mtoto asilale tena kwenye maji."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Palikuwa wazi kabisa, pana mlango. Nikasema ahsante, Bi. Nikasema Mungu akubariki. Bonface kafurahi mpaka kapiga mluzi. Mimi nimekwenda nyuma ya tangi nikakaa.

Nepi tatu. Hakuna.

Ijumaa, 16 Mei

Wameozesha msikitini. Biriani, watoto, viatu mlango mzima. Nimeosha sufuria tangu asubuhi.

Cheryl ananyonya vizuri. Hatapiki. Kila akijinyonganyonga kidogo moyo wangu unaanguka. Nimembonyeza tumbo mara nyingi mpaka sasa akiniona mkono anaukunja mwili.

Bonface ameanza kufunga mizigo. Ananiuliza kabati litakaa upande gani. Sijui. Namwambia sijui. Ananiuliza nina nini, nimepata chumba au sijapata.

Kama kiko tumboni mwake, chumba cha nini? Kama hakiko tumboni, basi nimemdanganya mama wa watu kwa ajili ya kioo kisicho na mdomo. Vyote viwili vinakaa pamoja kifuani.

Margret — mteja.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika nimesimama. Vumbi la nyimbo huko mbele, vigelegele, madebe. Nina muda mdogo.

Saa ile watu wanaanza kuingia, pikipiki ikasimama nyuma. Margret! Kanyolewa kwa ajili ya msiba, macho mekundu. Hakunisalimia hata. Kashika pembe ya leso yake, kafundua fundo kwa meno, akaniwekea kiganjani.

Siku ile, wakati tunaokota, kimoja kilimwangukia unyayoni. Akakifunga pindoni kisipotee, kama unavyofunga ufunguo wa nyumba, anipe tukimaliza. Ikaja pikipiki. Kule Kaloleni leso ileile ndiyo aliyoilalia, ndiyo aliyolilia. Siku ya pili ndipo alipohisi kitu kinamchoma ubavuni, na simu imezima. Akawa anakishika kila saa. Aliniambia hivyo, na mimi simsikii. Nimemnyakua Cheryl mkononi mwa Bonface nikambana mpaka akalia. Tumboni mwake hamna kitu! Hamna! Uji tu. Nimecheka, nimelia, Margret naye kalia upya msiba wa baba yake mdogo, Bonface katikati yetu anauliza nani amekufa.

Kipuli kizima. Hata hakikukwaruzika.

Nikasema kesho, watu wakiondoka, nitapanda nikirudishe. Hakuna atakayejua. Kila kitu mahali pake, chumba mahali pake. Nilishapanga hivyo. Nikajifunga leso vizuri nikapeleka trei ya halua mbele.

Na kiti cha bibi harusi wamekiweka wapi? Ukuta wa ndani! Wameondoa kabati, wametundika vitambaa vya kijani na dhahabu, kiti cha enzi palepale. Mimi sijawahi kuingia shughuli zao, ningejuaje? Kwetu maharusi hukaa mbele ya kanisa. Nilidhani watamkalisha karibu na mlango, watu wamwone wakiingia. Mtoto wa watu amekaa chini ya pengo langu hasa, ametazama chini kwa heshima, hina mpaka viwikoni, na juu ya kichwa chake thurea imekosa jino. Msichana wa kupiga picha amepiga magoti mbele yake. Anaelekeza simu. Anainua uso, anatazama taa, anaelekeza tena. Akasogea kushoto. Akasogea kulia. Akamnong'oneza mtu.

Bi Mwanarehema yuko pembeni ya kiti, buibui jipya. Nilimwona anainua kichwa. Taratibu. Kisha akanitafuta kwa macho katikati ya wanawake wote wale, mimi nimebeba trei. Hakukunja uso. Alinitazama tu kama siku ile alivyonitazama mara ya kwanza.

Nikarudi nyuma. Nikamwambia Bonface naenda kusema. Akanitazama, akatazama maboksi yetu yamefungwa kamba. Akataka kusema kitu. Cheryl akakohoa mapajani mwake, na yeye akafumba mdomo, akaniambia kwa sauti ndogo ngazi iko nyuma ya tangi.

Kuzima taa katikati ya shughuli ya watu! Kumwinua bibi harusi kitini!

Ananiita. Ni sauti yake mwenyewe, inapita juu ya nyimbo. Mama Cheryl.

Abee.

Ameita mara ya pili. Soksi sina, nitakishika kwa vidole hivihivi. Leso ina pembe nne na kila moja ingenifichia. Kipuli kiko mkononi.

Abee, Bi, naja —